Taarifa Kabla ya Kishindo

Muuguzi wetu hatoi kishindo bila taarifa. "Nafunga dirisha," husema, ndipo hulifunga. "Naburuta kiti." "Napiga chafya, ndugu zangu, mniwie radhi." Sisi askari wastaafu tunaokutana chumbani kwake kila Alhamisi, watu ambao sufuria ikianguka tu tunajikuta tumemkaba mtu shingo, mwanzoni tulimcheka mpaka machozi. Wala hakujali. Viganja vyake vifupi hukaa mezani vikitazama juu, na sauti yake haipandi hata sisi tukifokeana. Juzi mmoja wetu alimtania koplo, pande la mtu ambaye hasira zake zilishamrudisha mkewe kwao, kwamba vitani alikuwa hodari wa kukimbia. Koplo akasimama, ngumi juu, mishipa ya shingo imemtoka. Kisha akamwambia muuguzi, "Dada, napiga meza."

"Subiri kidogo, kaka, naondoa vikombe." Akaviondoa kimoja kimoja, akavipanga dirishani. "Haya, piga."

Koplo aliitazama ile meza tupu kwa muda mrefu, ngumi ingali hewani.

"Nakaa," akatangaza.