Utando wa Siki

Mama yangu alitengeneza siki kwa ulanzi, pombe ya mianzi inayogemwa kwetu Iringa wakati wa masika. Aliuacha mtungini uchachuke mpaka uwe mkali wa kukunja uso, halafu akaupeleka kwenye jiko la misheni. Juu ya siki uliota utando mweupe, mnene, unaoteleza kama ngozi. Kipande alikitia kwenye ulanzi mpya ili siki iwahi. Uliobaki aliuosha na kuuanika. Ukikauka ulikuwa kama karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Baba aliubandika dirishani, palipovunjika kioo.

Mwaka huo habari za mumiani, waliosemekana kuua watu na kuwachuna ngozi, zilikuwa zimezagaa. Watu waliogopa hata kwenda kuni peke yao. Jirani yetu, mama aliyeimba kwaya na mama yangu, alikuja kuomba moto akaukuta utando umeanikwa, bado mbichi.

"Dada, hii ngozi ya nini?"

"Ya siki," mama akajibu, akacheka.

Jirani hakucheka. Aliondoka bila moto.

Jioni wanaume walijaa uani na marungu.

"Mtoeni mliyemchuna!" mmoja akafoka.

Baba alisimama mlangoni, mimi nimemshika shati nyuma. Mama akatoka na mtungi, akauvuta utando, maji yakichuruzika.

"Ni siki, jamani. Onjeni."

Hakuna aliyesogea. Basi mama akaung'ata mwenyewe, akatafuna mbele yao. Alidhani atawatuliza. Jirani yule akapiga yowe: "Anakula mtu!"

Jiwe likaupasua mtungi mikononi mwake. Sijui tungepona vipi kama mchungaji wa misheni asingefika akihema, akasimama kati yao na sisi mpaka wakatawanyika, wananung'unika.

Hawakurudi, lakini kisimani wanawake walinyamaza tukifika. Salamu ya mama, "Kamwene," haikuitikiwa. Kwenye kwaya nafasi ya pembeni yake ilibaki wazi. Baba akatafuta kazi Mbeya, tukahama.

Nilipokuwa binti mkubwa nilimwomba mama anifundishe kutengeneza siki. Alikuwa anapepeta mchele, jirani wa Kisafwa ameketi karibu anamsimulia habari za mjukuu wake. Mama alingoja mpaka mgeni akaaga.

"Hapa nina majirani wananiitikia," akasema. "Niachie hao, mwanangu."

Sikumwomba tena.