Bunduki ya Baba Inahamia Mikumi

Wenzangu wa chumba cha walimu mliniuliza kwa nini mtu wa miaka hamsini na minne aombe ruhusa ya siku mbili, aziunganishe na mwisho wa wiki, kwa ajili ya bunduki kuukuu. Niliwajibu kwamba baba ananiita. Hilo ni kweli, ila sikuwaambia yote. Nilisafiri kwa sababu ya wivu, na afadhali niwaeleze yote kwa mpangilio, kama tunavyowadai wanafunzi wetu.

Baba yangu anaishi Kilangali, wilaya ya Kilosa. Analima mpunga na mahindi, na tangu sijazaliwa anamiliki kwa kibali shotgun ya mitutu miwili. Kwa bunduki hiyo amelinda mashamba dhidi ya nguruwe pori na nyani, na zamani, msimu ukiruhusu, alituletea kanga wa kitoweo. Sasa macho yake yamefifia. Wiki iliyopita alinipigia simu kuniambia kwamba bunduki inakwenda kwa Salehe, mtoto wa dada yake, seremala wa Mikumi. Kikao cha ukoo kimekwisha kukaa na karatasi imeandikwa. Imebaki sahihi yangu mimi, mtoto mkubwa, ndipo Salehe aanze safari yake ya kuomba kibali polisi.

“Njoo utie sahihi,” alisema baba.

Wengi wenu kwenu mtoto hurithi kwa baba, kwa hiyo mtadhani nimeonewa. Sisi Wasagara ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto wa dada yangu ni wa ukoo wangu, na mtoto niliyemzaa mimi ni wa ukoo wa mama yake. Ndiyo maana kitu cha thamani cha mjomba hutazama kwa mpwa kabla ya kutazama kwa mwana. Mila hii naijua kiasi cha kuweza kuifundisha darasani, na kuijua hakukunipunguzia wivu hata chembe. Nilitia kalamu mfukoni nikiwa nimeapa kutoitumia.

Dodoma niliiacha Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Njia nzima nilikuwa namwona Salehe. Tulipokuwa watoto baba alitoka na sisi wawili kuwinda, na kila mara Salehe alibeba mkoba wa risasi, mimi nikabeba kanga waliokufa, damu ikinichuruzika mguuni. Miaka arobaini na zaidi imepita, na bado naweza kuwaambia mkoba ule ulikuwa na vifungo vingapi.

Dumila nilishuka saa nne. Pale njia panda, nyuma ya wauza nyanya na vitunguu, binamu yangu Hamisi ana mgahawa wa meza tano. Hamisi ni mtoto wa marehemu Mjomba Ramadhani, kaka yake mama. Mjomba huyo ndiye aliyenisomesha chuo cha ualimu.

“Shikamoo, kaka mwalimu.”

“Marahaba. Nipe wali, nina safari ya kesi.”

Nikamweleza kesi yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimsema Salehe vibaya kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilisema seremala atapigilia misumari kwenye kitako, nilisema ataiacha inyeshewe mvua. Hamisi alisikiliza huku anachambua maharage. Nilipomaliza akauliza bunduki ya baba inaitwa nani. Nikamwambia inaitwa Mwali, kwa sababu baba huiweka ndani, huipaka mafuta, na haitoki nje ovyo.

“Na ya baba yangu iliitwaje?”

“Mjomba naye alikuwa na bunduki?”

Hamisi alinitazama, kisha akacheka peke yake. “Kula, mwalimu. Wali unapoa.”

Kilosa mjini nilifika saa saba. Nilikuwa na nusu saa kabla ya gari la Kilangali, nikaingia dukani nikanunua chupa mbili za mafuta ya cherehani na kitambaa laini cha fulana. Kwa asiyejua: mafuta mepesi ya cherehani ndiyo wawindaji wengi wa kwetu hufutia chuma cha bunduki, maana mazito hukamata vumbi. Nilinunua chupa mbili nikijua moja inatosha. Nilitaka baba aone nani anayeijali Mwali.

Kilangali, saa kumi jioni, mama alinipokea begi, akaiona zawadi yangu, akaguna. “Na wewe umemletea mke mwenzangu mafuta? Mimi umeniletea nini?” Kisha akanionyesha rafuni. Palikuwa na chupa nne za mafuta hayohayo. Salehe alizileta mwezi uliopita.

Siku hiyo kesi yangu ilisubiri. Baba hazungumzi mambo ya bunduki na mtu mwenye vumbi la safari.

Ijumaa asubuhi, baada ya chai, aliitoa. Ilikuwa imeviringishwa kitenge cha mama, cha pili kuchukuliwa kwa kazi hiyo kwa hesabu yake mama, na bado anakililia. Nawaomba mniwie radhi nikieleza kidogo, kwa sababu asiyemwona mwindaji na bunduki yake hawezi kuelewa kwa nini watu wagombane. Baba hakuitazama, kwa kuwa haioni vizuri. Aliipapasa. Kidole gumba kilipita kwenye utepe wa shaba uliozungushwa kitakoni, pale palipopasuka siku alipoteleza mtoni. Kikapita mahali ambapo mti umelika kwa shavu lake mwenyewe, miaka yote ile akilala juu yake kulenga. Pameingia ndani kama komeo la mlango lililozoea mkono. Akaifungua. Shotgun ya aina hii hufunguka katikati, mitutu ikainama mbele, na kila aliye karibu akaona matundu mawili hayana kitu.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyotufundisha. Ukiwa na wenzako, bunduki hubebwa imefunguliwa. Haitoshi wewe kujua kwamba haina risasi. Lazima na wenzako waone.

“Iweke begani,” akaniambia.

Nikaiweka. Ilinikataa. Kitako kilinigonga chini ya bega, na shavu langu halikupata pale mahali pake. Baba alinyoosha mkono akapapasa pengo lililobaki kati ya shavu na mti.

“Shingo yako ni ya akina mama yako,” alisema. “Ndefu.”

Nikamwambia kitako hurekebishwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyebeba kanga. Sikuweza kujizuia, nikauliza, “Baba, kwa nini si mimi?”

Alifuta mtutu, ingawa ulikuwa safi. Kisha akaniuliza kama nakumbuka mwaka niliopata nafasi ya chuo. Nilikumbuka. Mpunga ulisombwa na maji, na baba hakuwa na kitu.

“Nilitaka kuiuza hii,” alisema. “Shemeji yangu Ramadhani akanikataza. Akasema, Athumani ni mpwa wangu, si wako. Kama kuna bunduki ya kuuzwa ni ya kwangu. Akaiuza. Tausi, ilikuwa inaitwa. Nzuri kuliko hii, mwanangu. Ilikuwa nyepesi, unainyanyua hata hujui.”

“Hakuna aliyeniambia.”

“Ulikuwa unasoma.”

Mama, aliyekuwa mlangoni, aliongeza kwamba Hamisi wakati ule alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa ameshaanza kuibeba.

Mngependa niwaambie kwamba wivu uliniisha palepale. Haukuisha. Ulinibana zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa naona aibu na bado naitaka. Mchana kutwa nilitembea kwenye matuta ya mpunga nikitafuta namna ambavyo mimi na Mwali tungekuwa jambo tofauti na Hamisi na Tausi, maana yeye, mwana, aliikosa ya baba yake kwa ajili yangu mimi mpwa. Sikuipata. Jioni nikamwambia baba kwamba karatasi nitaipeleka mwenyewe kwa Salehe, na nitaamua nikifika. Alisema sawa. Hakunibembeleza.

Jumamosi asubuhi nilipanda gari la Mikumi, karatasi ikiwa ndani ya bahasha ya shule. Karakana ya Salehe iko mtaa wa nyuma ya barabara kuu. Alikuwa anapiga randa ubao wa mninga, nywele zimejaa maranda. Ni mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Umekuja na sahihi au umekuja na maneno?”

Nikasema nimekuja na maneno kwanza. Akanivutia stuli ambayo haijapigwa msasa, akaagiza chai. Nilitegemea atanyenyekea, atasema ndugu yangu ukiitaka ichukue, na mimi nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu. Salehe hakusema hivyo.

“Sitakudanganya, Athumani. Naitaka. Naitaka tangu nabeba mkoba. Ukikataa kutia sahihi nitaumia, na kwenye harusi ya mwanao nitakuja nimenuna.”

“Na ukiipata, utaifanyia nini ambacho mimi siwezi?”

Akafikiri. “Mtutu wa kushoto unapiga juu kwa kiganja kimoja. Ulikuwa unajua?”

Sikujua.

“Basi ukimlenga nguruwe na ule wa kushoto, lenga miguuni. Wa kulia uko sawa, ila triga yake ni nzito asubuhi ya baridi. Ndiyo maana mjomba hulipasha joto dole lake mdomoni kwanza, kisha anasema bismillahi, ndipo anafyatua. Wewe ulidhani ananyonya kidole?”

Hilo nilidhani kweli, miaka yote. Tulicheka, lakini kicheko changu kilikuwa na mwiba ndani. Alikuwa anamjua baba yangu kwa mahali ambapo mimi sikuwahi kusimama. Nilikuwa nyuma, na kanga wangu, natazama mgongo.

Akanionyesha sanduku la mninga alilolitengeneza, halina msumari hata mmoja, limechongwa ndani kwa umbo la bunduki. Nikaligusa nikitafuta kasoro. Mimi ni mwalimu, kasoro huziona haraka. Sikuona. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kipande cha kitenge cha mama, cha kwanza kile.

Nilitoa kalamu. Nilitia sahihi juu ya ubao wenye maranda, na herufi zikatoka na matuta. Msidhani nilisaini kwa moyo mweupe. Nilisaini kwa sababu sikuwa na hoja, na mtu asiye na hoja akikataa huwa anaiba tu kwa mdomo. Salehe aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Kibali akikipata, alisema, msimu wa mahindi niende Kilangali nikalinde naye. Nikamshukuru. Kualikwa kwenye bunduki ya baba yako mwenyewe si kitu kitamu, lakini nilisema nitakwenda.

Jumapili asubuhi basi la Morogoro lilikatiza hifadhini. Twiga walisimama karibu na lami, hawana habari, maana humo hakuna anayewalenga. Nikawaonea wivu na wao. Morogoro nikabadili gari, na saa tisa nilikuwa tena Dumila, kwenye meza ileile.

Hamisi alikuwa anapakua. Sikusubiri aniulize.

“Iliitwa Tausi,” nilisema.

Upawa ulibaki juu. Halafu akaushusha, akaniwekea nyama, akaongeza ya pili. Aliketi mbele yangu, jambo asilolifanya wateja wakiwepo, akaniambia kwamba baada ya Tausi kuondoka baba yake hakumruhusu mtu kutundika kitu chochote kwenye ule msumari wa ukutani. Kila Ijumaa aliufuta kwa kitambaa cha mafuta. Msumari mtupu. Hamisi alikuwa anautazama akiwa kitandani, na mimi nikiwa chuoni.

“Ulinichukia?”

“Miaka saba.” Alisema kwa sauti ya kawaida, huku akimrudishia mteja chenji. “Nilikuonea wivu mpaka nikachoka. Siku moja nikakuona kwenye basi umesinzia, mdomo wazi, madaftari yamekumwagikia mapajani. Nikasema, huyu ndiye Tausi? Nikaenda zangu.”

Nilimwomba radhi, akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi.

Mliniuliza, wenzangu, nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba mtutu wa kushoto unapiga juu. Nimejifunza pia kwamba wivu ukiingia kati ya ndugu ubebwe kama baba alivyotufundisha kubeba bunduki: umefunguliwa, ili aliye karibu aone ndani mna nini. Salehe aliubeba hivyo, akaniambia naitaka. Hamisi aliufunga miaka saba, kisha akauweka wazi mezani. Mimi ndiye niliyetembea Dodoma hadi Mikumi nimeufunga, nikijua una risasi, na safari hiyo nikiiita ya kuitikia wito wa baba.

Dereva alipiga honi. Nilipoinuka Hamisi alinifungia vitunguu kwenye mfuko.

“Bado unamwonea wivu Salehe?” aliuliza.

“Bado.”

“Usiwe na haraka,” alisema. “Wewe ndio kwanza unaanza.”