Dada Aliyekwenda Mbeya

Tulipomzika baba huko Mbeya, msemaji wa familia aliwaomba watu wa ukoo wa mama wa marehemu wasogee waweke udongo. Hakusogea mtu. Bibi alitoka Ufipa akiwa msichana, akaolewa kwetu, akazeeka na kufa bila kurudi kwao. Tulichojua ni jina lake la ubatizo, jina la kijiji chake, na kwamba aliacha mdogo wake wa kiume.

Nilipohamishiwa Sumbawanga, huko huko Ufipa, kufundisha, nikapanga chumba mtaa wa Kizwite na kuanza kuulizia. Mtaa wa Katandala kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyeendesha kundi la WhatsApp la watu wanaotafuta asili ya koo zao. Niliandika humo yale machache niliyoyajua. Baada ya siku nne mwalimu akanipigia.

"Nimempata mzee katika kijiji hicho hicho," alisema. "Dada yake alipelekwa Mbeya akiwa mdogo na hakurudi tena. Jina ndilo hilo."

Tulikwenda Jumamosi. Mzee alikuwa ameketi juani kando ya ukuta wa nyumba yake, amevaa koti zito kwa sababu ya upepo. Nilipiga goti, nikamwamkia.

"Shikamoo, babu."

Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema jambo kwa Kifipa. Binti yake, mama wa makamo anayeishi naye, alinitafsiria huku akijifuta machozi: "Anasema umekuja na macho ya dada yake."

Tangu siku hiyo nikawa na kwetu. Nilikwenda karibu kila Jumamosi. Yule binti nilimwita shangazi, naye alinifundisha kusonga ugali wa ulezi na kunicheka nilipotamka Kifipa vibaya. Mzee aliniita mjukuu. Alinieleza kwamba alikuwa mtoto wa miaka kama minne dada yake alipotoweka msimu wa mvua. Mama yao alimwambia, amekwenda Mbeya kwa ndugu, atarudi. Alipokuwa kijana, kila lori la Mbeya likisimama sokoni alikwenda kuangalia wanawake wanaoshuka.

Akapanga safari ya kwenda kuliona kaburi la bibi. Shangazi alikuwa ameshamwekea unga wa ulezi apeleke.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu kabla ya safari, tarehe ya kuzaliwa ya bibi, ili tuichonge kwenye msalaba wake. Nilikwenda parokiani. Karani alikuwa mkarimu, akafunua vitabu vya zamani mpaka tukalipata jina, na majina ya baba na mama, yale yale ya wazazi wa mzee. Pembeni palikuwa na msalaba mdogo wa wino. Karani akachukua kitabu cha maziko, akanionyesha. Yule msichana alikufa akiwa na miaka minane, msimu ule ule wa mvua. Hakwenda Mbeya.

Bibi yangu alikuwa mtu mwingine. Siku zile majina ya ubatizo yalikuwa machache, na katika kijiji kimoja wasichana wengi waliitwa hivyo.

Nilimweleza mwalimu. Akasema, "Mwache mzee aende. Akalie kaburi lolote, apumzike."

Ningemsikiliza. Lakini nilijiona nimesimama kaburini nikimtazama akimlilia bibi yangu, na nikashindwa. Nilikwenda nikamwambia mzee ukweli, shangazi akitafsiri, sauti yake ikipungua kila sentensi.

Mzee akauliza kwa Kiswahili, "Alizikwa wapi?"

"Makaburi ya zamani ya misheni. Karani anasema siku hizi hayana alama."

"Pale napita kila Jumapili," alisema. Akatazama mikono yake. "Mama alinidanganya mpaka anakufa." Kisha akaniinulia macho, bila hasira hata kidogo. "Na wewe, mama, ni nani?"

Aliyekuwa akiniita mjukuu sasa ananiita mama, kama unavyomwita mgeni sokoni.

Wiki ya pili shangazi alinipigia. Alisema mzee hali chakula vizuri, anashinda kitandani ameelekea ukutani. "Usije tena, mwalimu," alisema. "Si kwamba tunakuchukia. Akikuona ni kama anafiwa upya." Hata yeye hakuniita tena mwanangu.

Nilijitoa kwenye kundi. Yule mwalimu mstaafu alinitumia jina la familia nyingine, watu wa bondeni, upande wa Mtowisa, ambao nao walipotelewa na binti. Sikujibu. Jumamosi sasa nafua nguo na kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Bibi yangu simjui, na mzee wa watu nimemnyang'anya dada aliyemngoja maisha yake yote.