Vikombe Vitatu vya Maji

Kwaresima ile nilikwenda kuungama nikiwa na dhambi tano. Nilizihesabu nyumbani, nikazihesabu tena kwenye foleni, zikabaki tano. Nne zilikuwa za kawaida, zile ambazo padri huzisikia huku akizuia miayo. Ya tano ilikuwa asali.

Nauza asali Tabora mjini, nami huifuata mwenyewe huko Sikonge. Dada yangu aliagiza dumu la lita kumi kwa harusi ya binti yake. Lilipelea kidogo. Nikajazia maji ya sukari, vikombe vitatu, kisha nikamwapia kwamba ile ni asali tupu. Akaenda kulihifadhi kwa wifi yake, jirani yake huko Isikizya. Siku ya harusi likafunguliwa: asali imechacha, inatoa povu kama pombe. Mimi sikuulizwa. Dada alimgeukia wifi yake mbele ya wageni: "Umeinywa, ukajazia maji!" Tangu hapo hawasalimiani. Hata kanisani, wakati wa kutakiana amani, kila mmoja humtafuta mtu wa upande mwingine.

Padri alinisikiliza mpaka mwisho. "Kitubio chako: nenda kamwambie dada yako ukweli."

"Padri, nipe rozari kumi."

"Hapana."

"Ishirini, na Njia ya Msalaba kila Ijumaa."

"Mama, hapa si sokoni. Nimekupa kitu kimoja tu."

Kimoja! Dada ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Akinifungia mlango, sina mahali pengine pa kuitwa mtoto.

Kesho yake nilipanda pikipiki. Nilimkuta uani anamenya karanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona una sura ya msiba, kafa nani?"

Nikamwambia. Aliendelea kumenya, nami nikaendelea kusimama.

"Vikombe vingapi?"

"Vitatu."

"Na ukaapa."

"Nikaapa."

"Mshenzi wewe." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Haya, nimekusamehe, ningekutupa wapi? Sasa twende ukamwambie na wifi."

Hilo padri hakulitaja, lakini sikuthubutu kulalamika.

Wifi yake alikuwa ameketi mkekani. Alinisikiliza bila kunikatiza. "Wewe nimekusikia," akasema. "Nimekusamehe." Kisha akamtazama dada. "Na wewe?"

"Mimi tena? Si ameshasema yeye?"

"Yeye kasema la kwake. Mbele ya wageni nilitukanwa na nani?"

Dada, aliyenisamehe kwa madaha dakika kumi tu zilizopita, akamtazama kuku aliyekuwa akipita. Kuku hakumsaidia. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Kiswahili kilimkauka mdomoni. Akaanza upya kwa Kinyamwezi, polepole, neno moja moja, mpaka akalifikia la kuomba msamaha.

Wifi yake akasogea mkekani, akamwachia nafasi. Mimi nikabaki nimesimama.