Mbolea ya Mwalimu Joab

Msimu ule mahindi yalikuwa mabichi shambani, na Phyllis Chepkirui alikuwa amefikia tu umri wa kuanza shule, mama yake alipofariki. Watu wazima wa Sigowet walimwambia mama amekwenda Sotik kununua vitambaa, kisha siku ya mazishi wakampeleka kwa jirani. Mahindi yakakauka, yakavunwa, yakapukuchuliwa, naye kila jioni alitoka kutazama barabara. Ukweli aliupata shuleni, kwa mtoto aliyemcheka: "Mama yako si amezikwa nyuma ya nyumba yenu? Hata hujui!"

Alikua, akaolewa, akachuma majani chai hadi vidole vikaingia weusi usiotoka kwa sabuni. Mwaka jana Kipkurui, mtoto wa kaka yake, alianguka na pikipiki akafa, akaacha mjane na binti mdogo, Chepchumba. Kamati ya mazishi iliundwa upesi, kwani huko watu wanaweza kukosa chumvi wasikose kamati. Wakabishana juu ya rangi ya hema na ukubwa wa picha ya marehemu kwenye ratiba. Waheshimiwa hao, waliokariri Zaburi tangu utoto, hawakuweza kumwambia mtoto sentensi moja ya kweli. Mwenyekiti wao, Mwalimu Joab, mstaafu asiyevua koti hata kwenye jua, ndiye aliyejaliwa hekima: "Baba ameenda Kericho kununua mbolea."

Mtoto alisadiki. Alichukua kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ambayo baba yake aliyapenda, akaketi nacho mlangoni, asimruhusu mtu kukigusa. Waombolezaji wakafurahi. "Tazama anavyomtunzia babake!" walisema, wakipuliza chai yao.

Phyllis alimwendea mwenyekiti.

"Mwalimu, mbolea gani hiyo inayonunuliwa wiki nzima? Anaichimba?"

"Mama, mtoto hajui kifo."

"Atakijuaje, na umemwambia ni mbolea?"

"Tumeshapitisha kwenye kamati," alisema Joab, kana kwamba huzuni ya mtoto nayo ilihitaji mtu wa kuunga mkono hoja.

Asubuhi ya mazishi, kijana wa pikipiki alitumwa ampeleke Chepchumba kwa jamaa huko Kiptere, asije akaona jeneza. Phyllis aliona kwamba huyu naye ataachwa akitazama barabara. Aliingia kwa mjane, akamwomba ruhusa. Mjane, aliyekuwa hana nguvu hata ya kuinua kichwa, akaitikia. Ndipo Phyllis alipomshusha mtoto kwenye pikipiki, akachuchumaa mbele yake.

"Chepchumba, baba yako amekufa. Hapumui, hasikii baridi wala maumivu. Leo tunamzika, na hatarudi."

"Na mbolea?"

"Hakuna mbolea. Walikudanganya."

"Hata Mwalimu?"

"Yeye ndiye aliyeanza."

Mtoto alilia kwa sauti iliyokishinda kipaza sauti, na Phyllis hakumnyamazisha. Kaburini, Joab alitangaza watoto warudishwe nyuma. Phyllis alimtazama tu, kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia kanisani, akamtilia Chepchumba udongo mkononi. Mtoto akautupa kaburini mwenyewe.

Jumamosi moja ya Agosti wawili hao walikwenda kupalilia kaburi. Chepchumba aliuliza tena kama baba atarudi. Phyllis alimjibu, "Harudi." Wakamaliza kupalilia, wakaenda kukamua ng'ombe.