Hadithi Yangu ya Mzimu Ilimfukuza Mama Sokoni

Jamani, nilikosea, na sina wa kumsukumia lawama. Wanasema mdomo huponza kichwa. Vidole vyangu vilimponza mama yangu mzazi!

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho, nami nilikuwa karani mjini Meru. Ofisi ilipoletewa internet, bosi akienda lunchi mimi nilibaki kwenye kompyuta. Huko nikapata kundi la Wakenya, wengi wanafunzi wa ng'ambo, waliotunga hadithi za kutisha na kutumiana kwa barua pepe. Sheria yao ilikuwa moja: andika kama jambo lililotokea kweli. Nikajiita Mzimu wa Imenti. Kiburi hicho!

Hadithi yangu ya kwanza ilichekwa. "Hii haiwezi kutisha hata kuku," jamaa mmoja akaniandikia. Iliniuma! Nikaapa kuwanyima usingizi.

Nikatunga mgomba wa kule Mitunguu uliopandwa juu ya kaburi. Anayekula ndizi zake huanza kuongea kwa sauti ya marehemu. Nilipofika kwa mhusika wa kuziuza, akili ikagoma. Basi nikamchukua mama yangu mzima mzima: mwanya wake, leso yake ya kijani, hata kreti aliyokalia karibu na lango la soko la Gakoromone. Ndizi zake kweli zilitoka Mitunguu, na ndizo zilizonisomesha.

Kundi lilinisifu, nami nikavimba kichwa. Kumbe mmoja wao alikuwa mzaliwa wa hapa hapa Meru! Aliingiwa na hofu, akampigia shangazi yake simu kutoka Amerika. Shangazi akaifikisha hadithi sokoni.

Wiki hiyo mama alirudi na ndizi zote. "Ati nauza za wafu," akaniambia. "Wananiangalia tu meno halafu wanaenda."

Nikanyamaza! Nilinyamaza mpaka ndizi zikaoza na wateja wakaisha kabisa.

Mwishowe dhamira ilinishinda. Nikaenda Gakoromone mchana kweupe, nikapanda juu ya kreti ya mama. "Wamama, hiyo stori ni mimi nilitunga! Ni uongo! Angalieni!" Nikamenya ndizi, nikaitia yote mdomoni kwa ujasiri.

Ikanikwama kooni.

Nilikohoa, macho yakanitoka, mama akanitwanga mgongoni. Ilipopita nikasema, "Niko sawa." Lo! Sauti ilitoka nzito, ya kukwaruza, ya mzee aliyezikwa zamani.

"Uui! Ndio huyo! Marehemu ameongea!" mama mmoja muuza nyanya akapiga nduru. Watu walitawanyika wakaacha vikapu. Mchungaji akaletwa, akanishika kichwa kwa nguvu, na kila nilipojitetea kwa sauti ile akazidi kukemea pepo.

Mama hakuuza ndizi tena. Sasa anauza viazi soko la Kiirua, kwenye baridi, na magoti yake mabaya, kwa sababu yangu.

Jioni moja aliniomba nimsomee hiyo hadithi. Nilimsomea yote. Alicheka nilipofika kwenye kaburi, akacheka nilipofika kwenye sauti. Halafu akauliza, "Na huyu mama wa ndizi, si ungempatia hata mtoto mmoja wa kumsaidia kubeba?"

Tangu nipate kazi ya ofisi sikuwa nimembebea hata mkungu mmoja.

Ninyi mnaotunga vya kutisha, msitafute sifa za watu msiowaona kwa kumuuza mama anayewapikia. Na kama mama yako yuko njiani na mzigo, zima hiyo kompyuta ukampokee.