Ufito Alioutuma Baba

Nyumba yetu ya tembe ilikuwa na mlango mfupi, kama tembe zote za Ugogo siku zile. Mtu mzima aliinama, akaingia, akasahau. Mimi sikuweza. Ugonjwa wa utotoni ulininyausha miguu, nikawa natembea kwa magongo, na mtu wa magongo akiinama anaanguka. Kwa hiyo kila jioni niliyaacha magongo nje, nikaingia kwa magoti pamoja na ndama, wadogo zangu wakinicheka. Niliuchukia mlango ule kuliko nilivyoichukia miguu yangu.

Baba alikuwa mtu wa ng'ombe. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akatazama pembeni, na hilo liliniuma zaidi ya fimbo. Mwaka mmoja mvua zilipokataa, alinipandisha punda akanipeleka misheni, karibu na reli ambayo Wajerumani walikuwa wametoka kuijenga. Mbele ilikuwapo shule ya vijana wazima, waliofundishwa ukarani wa boma. Nyuma lilikuwa banda letu sisi wengine: viziwi, vilema, na mmoja aliyekatwa mkono. Baba alimwambia fundi mkuu, Mjerumani mwenye ndevu nyekundu, "Huyu hawezi kufuata ng'ombe. Kama mnaweza kumfanya kitu, mfanyeni." Akageuza punda. Nililia mpaka sauti ikanikauka, na sioni aibu kulisema.

Basi wakanifanya kitu. Asubuhi tulisoma na kuandika, mchana tulishika msumeno, randa na patasi. Ulimi wangu ulikuwa mkali, fundi akazoea kuniita Pilipili. Lakini mtu aliyetembelea magongo tangu utoto ana mabega na mikono, na pale kwa mara ya kwanza nikasikia sehemu ya mwili wangu ikisifiwa. Rafiki yangu alikuwa kiziwi. Alijua randa imekutana na kifundo cha mti kwa kuuwekea ubao kiganja tu, nami nilijifunza kwake mengi ambayo fundi hakuwa na maneno ya kuyaeleza.

Mafunzo yalipokaribia kwisha tuliambiwa kila mmoja atasoma kwa sauti mbele ya mabwana wa boma, kisha ataonyesha kazi moja ya mikono yake. Atakayefaulu atapewa sanduku la vifaa, awe fundi. Nilichagua kutengeneza mlango wa nyumba ya baba. Nilitaka yule aliyekuwa akitazama pembeni ashike kazi yangu kila siku, akitoka na akiingia, mpaka akubali kwamba ana mwana.

Kwetu hapakuwa na futi wala mita. Unakata ufito ulingane na nafasi, unaubeba mpaka kwenye kazi. Nikamtuma binamu yangu, aliyekuwa amekuja kunitazama, amwombe baba fito mbili, mmoja wa kimo cha mlango na mmoja wa upana. Zilipofika, ule mrefu ulinipita kichwa nikiwa nimesimama wima. Fundi alicheka akashika tumbo. "Pilipili, baba yako anajenga kanisa?" Banda zima likacheka, hata viziwi, kwa sababu walituona.

Nilimgeukia binamu kwa hasira. "Umeokota fimbo gani hii?"

"Kanipa mwenyewe, huko malishoni," akasema. "Kasema usiupunguze hata kidogo."

Nikaona baba ananidhihaki, au hakujali hata kwenda kuupima mlango wake. Haya, nikasema, akitaka kichekesho atakipata. Nikaupasua mninga, nikaufuata ufito ule kama ulivyo.

Siku ya kuonyesha kazi nilisoma bila kukwama. Mabwana waliugonga mlango kwa vidole, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, nikapewa sanduku. Baba alikuwa amepelekewa habari. Niliitazama njia mpaka jua likazama, na hakuja.

Vita vilikuwa vimekwisha kuanza mipakani, na muda si mrefu vikatufikia na sisi misheni. Boma likachukua mbao zote, shule ikafungwa. Binamu na rafiki yangu kiziwi waliubeba mlango vichwani, mimi nikapanda punda na sanduku langu mapajani. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nitamwambia, baba, umekosea kipimo. Nitamwambia mbele ya watu.

Tulikuta zizi tupu. Mama alitoka mbio, hakungoja salamu. Askari walikuwa wamepita, wakachukua ng'ombe, wakachukua na wanaume wa kubeba mizigo ya vita, baba akiwemo. Ilikuwa kabla ya siku yangu ya kusoma.

"Aliwaomba wamwache kwanza amalize ukuta," mama akasema. "Wakamsukuma."

"Ukuta gani?"

Akanipeleka upande wa pili wa tembe. Kulikuwa na chumba kipya, udongo wake haujapauka. Tundu la mlango lilikuwa refu, halijawahi kuonekana la namna ile kijijini petu. Ukutani yaliegemezwa magongo mawili mapya.

"Aliyachonga mwenyewe," mama akasema. "Alikuwa akiyatia kwapani, anapita hapa, anarudi, anapita tena. Kichwa kikigusa juu, anakata ufito mwingine mrefu zaidi. Akasema, mwanangu ni fundi, haingii tena kwangu na ndama."

Tuliutia mlango siku ileile. Ulikaa, sikuhitaji hata kuupitishia randa. Baba hakurudi. Vita vilikwisha, Wajerumani wakaondoka, njaa ikaja ikapita, na hakuna aliyeweza kutuambia aliangukia wapi. Nimelia mara nyingi kwa ajili yake, lakini kilio cha siku ile ya kuutia mlango ndicho kilichonibaki moyoni.

Siku ile nilipita mlangoni kwa magongo aliyonichongea, kichwa juu, nikasimama katikati ya chumba. Nilikuwa nimebeba maneno yangu kutoka misheni, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kipimo kilikuwa sawa.